Mkono wa Kuandikia: Jeraha Dogo Katika Wiki ya Mtihani



Kila mwaka ukifika mwezi wa Septemba, sisi wauguzi tunajua kuwa wako wagonjwa wadogo watakaofika kwetu wakiwa wamechelewa. Wengine hutoka mbali kweli, lakini umbali siyo sababu yenyewe. Wanachelewa kwa kuwa ni wiki ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, mtoto ameumia, na mtu fulani nyumbani ameamua kuwa jambo hilo lisubiri mpaka Alhamisi jioni. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto mwenyewe.

Mtihani huo hufanyika siku mbili mfululizo. Mwaka 2023 ulikuwa tarehe 13 na 14 Septemba, na mwaka 2024 tarehe 11 na 12, yaani Jumatano na Alhamisi. Katika siku mbili hizo hupimwa miaka saba ya sare, madaftari, michango na kuamka alfajiri. Hatuwezi kumlaumu mzazi anayeogopa. Lakini tumeona hofu hiyo ikigeuza jeraha la kuoshwa kwa dakika kumi kuwa ugonjwa wa wiki tatu, na kwa sababu hiyo tunaandika ukurasa huu.

Mtoto aliyekula kwa mkono wa kushoto

Tuanze na kijana mmoja wa miaka 13 kutoka kijiji cha upande wa Geita. Jumamosi kabla ya mtihani alikwenda kwa mjomba wake kwenye karasha, akapewa nyundo apasue mawe ili apate fedha ya kalamu na viatu. Nyundo ikateleza ikamponda ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Wakamwagia mafuta ya taa, wakamfunga kipande cha kitenge, akarudi nyumbani. Hakusema kitu. Kwa siku tatu alikuwa akificha mkono mfukoni na kusema anasikia baridi, mwezi wa Septemba!

Aliyemgundua ni bibi yake. Jumanne jioni walipokaa kula, bibi aliona mjukuu anamega ugali kwa mkono wa kushoto. Kwa malezi ya kwetu hilo haliwezi kupita bila kuulizwa. Akamwambia, "Lete huo mwingine niuone." Saa tatu usiku walikuwa mlangoni kwetu juu ya pikipiki, bibi amekaa nyuma amemshika mtoto katikati.

Kitenge kilikuwa kimegandamana na kidonda. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi ndogo, kina usaha chini ya kucha, na mtoto hakuwa amelala usiku uliotangulia kwa sababu kilikuwa kikimgonga pamoja na mapigo ya moyo. Neno lake la kwanza halikuwa "inauma". Alisema, "Sista, mkinilaza nitakosa mtihani."

Tutarudi kwake. Kwanza tuseme yale ambayo yangefanyika Jumamosi ile ile, na hayakuhitaji hospitali.

Maji, sabuni na subira

Damu ikiwa inatoka, chukua kitambaa safi kilichofuliwa na kukauka juani, ukandamize juu ya jeraha kwa kiganja, na mkono uinuliwe juu kuliko moyo. Kandamiza dakika kumi kwa saa, bila kufunua kuchungulia. Tunasisitiza hilo la kuchungulia maana kila mtu hulifanya. Ukifunua baada ya dakika mbili unaondoa damu iliyokuwa imeanza kuganda, na kazi inaanza upya. Usifunge kamba juu ya jeraha kuzuia damu. Kwa majeraha haya madogo kamba huleta madhara kuliko damu yenyewe.

Damu ikitulia, osha. Hapa ndipo familia nyingi huwa na haraka. Wanapitisha maji kidogo, wanaona kidonda kimelowa, wanasema kimeoshwa. Kidonda cha vumbi la Shinyanga au tope la karasha kinataka maji ya kutiririka, lita moja au mbili, yakimiminwa kutoka kwenye jagi au kopo safi, mtoto akiwa amekaa kivulini. Tumia maji unayoyanywa nyumbani kwako. Kama ni ya bomba yaliyotoka Ziwa Viktoria, vizuri. Kama ni ya kisima au lambo, yachemshe yapoe. Sabuni ya kipande inatosha, lakini ipite zaidi kwenye ngozi ya pembeni. Uchafu unaoonekana utoke kwa maji au kwa kitambaa laini. Kitu kilichozama ndani, kama kipande cha chupa au msumari, usikichokonoe. Kifunge pembeni kisitikisike, uje nacho.

Maji ya dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu hayafai kuoshea jeraha hata kidogo, hata kama ndiyo yaliyo karibu. Yana tope la mawe, na mara nyingi yana zebaki. Zebaki hudhuru zaidi kwa mvuke inapochomwa, lakini haina kazi yoyote njema ndani ya kidonda cha mtoto.

Kisha kausha pembeni, weka gauzi au kitambaa safi, funga kwa kiasi. Ndiyo kazi yote. Haina mafuta ya taa, ambayo huunguza nyama hai. Haina majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala dawa ya meno. Na haina ule unga wa kidonge cha rangi mbili unaofunguliwa na kunyunyizwa juu. Unga huo huganda kama saruji, unafunika uchafu ndani, na mzazi anaona kidonda kimekauka huku chini yake usaha unachimba. Tumekuwa tukiufuta unga huo kwa miaka mingi, na bado tunaufuta.

Vilevile msinunue kapsuli nne tu kwenye duka la dawa "ili asiharibike mtihani". Kidonda kidogo kilichooshwa vizuri siku ile ile mara nyingi hakihitaji kidonge cha kuua vijidudu. Kile kinachokihitaji kinahitaji dozi kamili iliyoandikwa na aliyekiona.

Pepopunda haiangalii ukubwa

Watoto wengi hupata chanjo ya pepopunda wakiwa wachanga, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama ana kadi, na anasema kwa haki kabisa, "Huyu alimaliza chanjo zote." Lakini sasa ana miaka 13, na kinga ile hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Wengi hawajachomwa tena tangu walipokuwa mgongoni.

Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ng'ombe na punda. Nani kati yetu katika Usukuma ana ua usio na hivyo viwili? Hupendelea tundu dogo lenye kina, lililofunga juu, kama lile la msumari uliopenya ndala, au la mwiba wakati wa kuchunga. Jeraha kubwa linalotoa damu huleta familia hospitalini mbio. Tundu la msumari halileti mtu. Ugonjwa wenyewe huanza kati ya siku 3 na 21 baadaye, mara nyingi wakati tundu limeshapona na kusahauliwa: taya linakaza, mtoto anashindwa kufungua kinywa, mwili unapinda. Tumewahi kukesha na watoto wa namna hiyo katika chumba chenye giza, bila kelele, maana hata mlango ukigongwa wanashtuka na kukaza mwili. Si wote walirudi nyumbani.

Kwa hiyo jeraha lolote lenye udongo, kutu, kinyesi au tundu la kina, mtoto aje kuchomwa sindano, ikiwezekana siku ile ile. Njooni na kadi ya kliniki kama bado ipo. Sindano inaweza kuuma begani siku mbili, basi achomwe mkono asioandikia. Hayo mengine mtuachie sisi.

Mkono umeteguka, au umevunjika?

Septemba kwetu ni kiangazi. Pamba imeshatoka shambani, mvua bado, malisho yako mbali. Wavulana wanazunguka na ng'ombe, wasichana na ndoo za maji juu ya baiskeli, na wengine, kama yule kijana, wanakwenda machimboni, iwe Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, Kakola au Mwakitolyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa nzima juu ya watoto katika migodi midogo ya dhahabu, wakiwemo wa Geita na Kahama. Tunaijua sheria, na tunajua pia bei ya viatu. Tunaomba tu kwamba wiki ile moja nyundo ipumzike.

Mtoto anapoanguka hutanguliza kiganja. Kifundo cha mkono ndicho kinachopokea uzito wote. Mifupa ya watoto ni laini. Huweza kupata ufa au kubonyea bila kupinda, na kwa macho ukadhani umeteguka tu. Mwambie mtoto akushike vidole viwili na kuvibana kwa nguvu. Kisha bonyeza taratibu kwa kidole kimoja juu ya mfupa wenyewe, na pia kwenye shimo dogo lililo chini ya kidole gumba. Kama anashindwa kubana, au anaruka ukigusa mfupa sehemu moja tu, au baada ya usiku mmoja uvimbe umeongezeka, huyo apigwe picha. Kama vidole vimekufa ganzi, vimekuwa baridi au rangi imebadilika, usisubiri asubuhi.

Wakati wa kumleta, mkono usitikisike. Gazeti lililokunjwa au ubao mwembamba vinatosha. Uweke chini ya mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, ufunge kwa vitambaa mahali pawili au patatu, halafu mkono utundikwe shingoni kwa khanga. Vidole vibaki nje ili muweze kuvitazama.

Hapa tuna neno na wale wazee wetu wa kuchua mifupa. Tunawaheshimu, na wengine ni ndugu zetu. Lakini kuchua kwa nguvu kifundo chenye ufa husogeza mfupa uliokuwa umekaa mahali pake. Na kufunga vijiti kwa kukaza sana huziba damu. Tumepokea mkono wa mtoto uliofungwa hivyo, vidole vyeusi, na daktari hakuwa na la kuokoa. Ulikuwa umevunjika kidogo tu.

Mkono wa namna hii unaweza kufanya mtihani?

Mara nyingi unaweza. Hili ndilo tungependa kila mzazi na kila mtoto wa darasa la saba alijue kabla ya Septemba, kwa sababu mtoto akijua kwamba hospitali haitamnyang'anya mtihani, hatafunga kitenge kwa siri.

Sehemu kubwa ya mtihani huo mtoto huchagua jibu na kutia kivuli kwa penseli kwenye fomu maalumu. Kwa kazi hiyo anahitaji kidole gumba na vidole viwili vinavyobana penseli, basi. Ukituambia mapema kwamba Jumatano ana mtihani, tunafunga jeraha tukiwa tunajua hilo. Kidole kilichoumia kinaweza kufungwa pamoja na jirani yake, bendeji ikawa nyembamba, kiganja kikabaki wazi. Hata plasta ngumu ya kifundo huweza kufungwa gumba na ncha za vidole zikiwa huru. Mzazi asiposema, tutafunga kama tunavyofunga siku zote, na asubuhi mtoto ataketi mbele ya fomu na mkono kama mpira wa soksi.

Jambo la pili ni mwalimu mkuu. Mpelekee taarifa siku ile ile, na barua ya hospitali. Yeye ndiye anayejua namna ya kuifikisha kwa wasimamizi na kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Msimamizi aliyekwisha kuambiwa hatashangaa kuona bendeji. Na ikitokea kweli kwamba mtoto hawezi, barua hiyo ina kazi nyingine. Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo limekuwa likiwataja watahiniwa walioshindwa kufanya mtihani kwa matatizo ya kiafya, na kuwapa nafasi ya kuufanya mwaka unaofuata. Ugonjwa ulioandikwa hospitalini unaweza kuelezwa. Ule uliofichwa chini ya kitenge utaelezwa na nani?

Yako mambo matatu ambayo hatutayavumilia kusubiri hata kama kengele ya mtihani imegongwa. La kwanza ni kichwa. Mtoto aliyegonga kichwa, kisha akatapika zaidi ya mara moja, au akawa mzito kuamka, au akachanganya maneno, au akatokwa damu au majimaji sikioni, aletwe mara moja. La pili ni jicho lililoingiwa na kipande cha jiwe. Usilisugue, lifunike kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe kidogo cha plastiki, uje. La tatu ni mbwa. Alama ya jino la mbwa ikiwa ndogo kama punje ya mtama bado siyo jeraha dogo. Ioshwe kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nzima, na chanjo ya kichaa cha mbwa ianze siku ile ile. Wengi wanaoanza chanjo Jumanne hufanya mtihani Jumatano bila shida yoyote.

Asubuhi ya Jumatano

Usiku wa Jumanne mpe mtoto penseli na karatasi, ajaribu kutia kivuli kwa vidole alivyonavyo. Dakika kumi tu. Atagundua mwenyewe namna ya kuegemeza mkono, na woga utapungua. Alale mkono ukiwa juu ya mto au juu ya nguo zilizokunjwa, maana ukining'inia unavimba na kugonga.

Kuhusu maumivu, Panadol inatosha. Mtoto wa miaka 12 au 13 mwenye kilo 35 hivi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 500, si zaidi ya vinne kwa siku, vikipishana saa sita. Ampe mzazi mwenyewe kama nusu saa kabla ya kutoka, baada ya uji. Msimpe Piritoni ili "alale vizuri". Dawa hiyo ni ya mafua na mwasho, na asubuhi itamwacha anasinzia juu ya Hisabati. Wala msimpe vidonge vya mgongo vya babu.

Nyumbani atoke mapema, mkono ukiwa kwenye khanga shingoni. Akifika kwenye dawati autoe, aulaze juu ya meza, na mkono mwingine ushike karatasi. Kati ya somo na somo auinue tena.

Yule kijana wetu alifanya hivyo. Usiku ule daktari alimpiga sindano ya ganzi, akatoa usaha, tukaosha kidole kwa muda mrefu, akachomwa ya pepopunda na kuanzishwa dawa. Tukamfunga kidole cha shahada peke yake, kimenyooka, na tukakaa naye akijifunza kushika penseli kwa gumba, kidole cha kati na cha pete. Hakulazwa. Bibi alimwamsha saa kumi na moja alfajiri, na jioni ya Jumatano alikuja kubadilishiwa bendeji akiwa na majivu ya penseli mpaka kwenye kifundo. Kucha ilitoka yote. Ilichukua miezi kuota upya, na imeota imepinda kidogo.

Alhamisi jioni ndipo tunapowapoteza. Mtihani umekwisha, shule imefungwa kwao, na mtoto mwenye nyuzi mkononi anapelekwa kwa shangazi Kahama, au anarudi kwenye ng'ombe, au kwenye karasha. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye karatasi iliyobaki mfukoni mwa sare, na sare imefuliwa. Nyuzi za mkononi hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10. Kama atakuwa ameshasafiri, aende na karatasi yake kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, watazitoa. Kabla ya hapo kidonda kikianza kugonga usiku, kikitoa harufu, mstari mwekundu ukipanda kuelekea kwapani, au homa ikaja, asisubiri siku iliyoandikwa. Na mjomba wa machimboni aambiwe mkono huu haushiki nyundo.